Okidi ya chui, ya pwani au ya dukani: ipi itaishi Dodoma?

Mwezi wa kumi huku kwetu ndio mwezi wa majaribu. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, upepo unavuma tangu asubuhi, na vumbi jekundu linatua hata kwenye majani ya maua yaliyo ndani ya nyumba. Ndio mwezi ambao watu huniletea okidi zao zilizonyauka wakiuliza kama bado kuna matumaini. Laiti kila anayetaka okidi Dodoma angeufikiria mwezi huo kabla ya kutoa pesa, badala ya kuamua Februari, wakati hata mlima Mlimwa umevaa kijani.

Wengi wanaouliza wamehamia kikazi kutoka Dar es Salaam, Tanga au Bukoba, na wamezoea kuona ua likijiotea lenyewe kwenye mnazi au mwembe wa nyumbani. Wanajiuliza kama mmea wa misitu ya joto na mvua unaweza kuishi kwenye mji wa mibuyu na zabibu. Unaweza. Mimi ninazo kwenye kibaraza cha nyumba yangu iliyo mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, na nimeishi na aina tatu ambazo mtu wa Dodoma ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo: okidi ya chui, okidi ya pwani, na ile ya dukani iitwayo falenopsi. Hazifanani tabia, na nyumba zetu pia hazifanani.

Vigezo nilivyotumia

Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, tena kwa misimu miwili. Watu hudhani tatizo la Dodoma ni joto. Joto letu okidi hizi zinalimudu. Kinachoziua ni hewa kavu na upepo, kwa hiyo kigezo cha kwanza ni namna mmea unavyovumilia Juni hadi Novemba.

Ili kukielewa kigezo hicho, itazame mizizi. Okidi hizi tatu hazioti udongoni. Hukaa juu ya matawi ya miti, na mizizi yake imevikwa ganda jeupe linalofanya kazi kama sifongo. Ukiinyunyizia maji unaona kwa macho yako inavyogeuka: rangi ya fedha inazama, kijani kinapanda. Ikikauka, fedha inarudi. Kule pwani mzizi unaweza kubaki kijani nusu siku. Hapa kwangu, mchana wa Oktoba, mzizi ulioachwa wazi kwenye upepo hurudi rangi ya fedha kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Kigezo cha pili ni maji. Maji yetu ya bomba kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, na yana chumvichumvi. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ndio huohuo unaoganda kwenye mizizi ya okidi na kuiunguza polepole. Cha tatu ni baridi ya usiku, maana Juni hadi Agosti nyuzijoto zinaweza kushuka hadi 13 au 14. Baada ya hapo nimeangalia maua yenyewe, nafasi inayohitajika, na njia halali ya kuupata mmea.

Okidi ya chui

Asili. Kitaalamu ni Ansellia africana, spishi pekee katika jenasi yake, yaani kundi lake la spishi ndugu. Jenasi hiyo ina jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Huota sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwemo. Utaikuta kwenye miti ya mabonde ya mito yenye joto na unyevu, na pia kwenye mapori yenye mvua ya msimu mmoja na kiangazi kirefu. Katika hizi tatu, hii peke yake imezaliwa ikijua kiangazi ni nini.

Kiangazi. Mashina yake yamesimama kama miwa membamba, mengine yanapita nusu mita, na ndani yake imehifadhi maji. Hewa ikikauka hupunguza majani, ikatulia. Mwaka wa kwanza jirani yangu alisimama getini akaniambia kwa huruma, "Dada, pole, ua lako limeshakufa." Yalikuwa yamebaki mashina manjano yenye mikunjo. Nilimwomba asubiri. Desemba, wiki mbili baada ya mvua za kwanza, machipukizi yalikuwa yamechomoza chini ya kila shina, ya kijani kibichi na magumu kama ncha ya kidole.

Maji na chombo. Kapu la waya au chungu cha udongo chenye matundu mengi, ndani yake vipande vikubwa vya mkaa na magome. Maji mengi wakati wa kukua, na wakati wa kiangazi kidogo tu, mara moja kwa wiki au hata siku kumi, ili mashina yasisinyae kupita kiasi. Usiihurumie ukaimwagilia kila siku mwezi wa saba. Baridi na maji kwa pamoja huozesha mizizi. Maji ya bomba inayavumilia kuliko wenzake, ilimradi ukiyapata ya mvua uyatumie kuisuuza. Inataka jua la asubuhi, na ukiiweka kivulini itakupa majani tu.

Ina jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Pamoja na mizizi ya kushika mti, huotesha mizizi mingine myeupe, myembamba kama sindano, inayoelekea juu, mpaka kichaka chote kinaonekana kama kiota. Mzee anayelinda nyumba ya jirani aliiangalia siku nzima, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona mizizi ya hiki kitu inatazama mbinguni?" Nikamweleza kwamba inadaka majani yanayoanguka, yanaoza palepale na kuwa mbolea. Tangu siku hiyo, akifagia chini ya mwembe huja na gao la majani makavu na kuyadondosha juu yake, jani mojamoja.

Maua. Manjano yenye madoa ya kahawia, ndiyo asili ya jina la chui, mengi kwa pamoja kwenye tawi lenye vitawi, yakidumu wiki kadhaa. Mara nyingi hutanguliwa na kipindi cha ukavu, kwa hiyo kiangazi chetu kinaisaidia. Kwenye miti ya porini hufikia ukubwa wa kutisha, na ya nyumbani nayo itataka nafasi kila mwaka.

Kuipata. Hapa naomba usome taratibu. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, umeiorodhesha kama spishi iliyo hatarini, na sababu kubwa ni watu kuing'oa porini na kukata miti inayoibeba. Niliwahi kuonyeshwa na muuzaji wa barabarani kichaka kizima, mizizi imekatwa kwa panga, gome la mti bado limeng'ang'ania chini yake. Bei ilikuwa nafuu kuliko ya kitaluni. Sikuinunua, na nimekuwa nikiifikiria tangu siku ile, kwa sababu kichaka cha ukubwa ule kilikuwa na umri wa miaka mingi na uwezekano wa kupona baada ya mizizi kukatwa namna ile ni mdogo. Nunua iliyogawanywa kutoka kwenye mmea wa bustanini: mizizi yake imejaa chomboni, haijakatwa, na anayeuza anaweza kukuonyesha mama yake.

Inamfaa nani. Mwenye ua au kibaraza cha mashariki, anayesafiri kikazi, na asiyeona aibu kuwa na mashina makavu mlangoni kwa miezi minne.

Okidi ya pwani

Asili. Hii ni Angraecum eburneum, na ile ya kwetu, ya pwani ya Kenya na Tanzania, ni nususpishi giryamae, jina linalotokana na Wagiriama. Neno Angraecum lenyewe limetokana na neno la Kimalayu la okidi, na eburneum maana yake ni ya pembe ya ndovu. Huota kwenye miti na hata juu ya miamba ya matumbawe, mahali ambapo upepo wa bahari unaleta unyevu usiku kucha. Ndugu zake wako Madagaska, Komoro, Mauritius na Réunion. Kati ya jamaa zake wa Madagaska yumo yule mwenye kishuba cha nekta, yaani mrija mwembamba nyuma ya ua wenye maji matamu, cha karibu sentimita 30, ambaye mwaka 1862 Charles Darwin alisema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo, na nondo huyo akaja kuelezwa kisayansi mwaka 1903. Yetu ina kishuba kifupi zaidi, lakini nayo ni ua la nondo.

Kiangazi. Hapa ndipo pagumu. Haina mashina ya akiba kama ya chui. Akiba yake yote imo kwenye majani mazito marefu kama mikanda na kwenye mizizi minene kama kidole. Hewa ikikauka kwa muda mrefu majani huanza kukunjamana katikati, na jani likishakunjamana halinyooki vizuri tena. Upepo ndio adui namba moja. Mwaka nilioiacha kwenye kona ya kibaraza inayopigwa na upepo ilidondosha vichanga vya maua vyote, kimoja baada ya kingine, kwa wiki moja. Mwaka uliofuata niliizungushia neti ya kivuli pande mbili, nikaiweka juu ya sinia pana la kokoto lenye maji chini yake, chungu kisiguse maji. Ikachanua. Kuanzia Juni usiku naiingiza ndani. Haipendi kushuka chini ya nyuzi 15.

Maji na chombo. Maji ya mvua, na kwa hii sina mjadala. Weka gata kwenye bati na tangi chini yake. Mvua zetu za miezi mitano zikikusanywa vizuri zinatosha okidi chache mpaka Novemba. Kiangazi mimi huimwagilia asubuhi, na saa kumi na moja jioni napulizia mizizi na sehemu ya chini ya majani. Chombo kiwe kizito, maana mmea wenyewe unaweza kufikia mita moja na kuelemea upande. Ndani weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa siku kadhaa ili chumvi itoke, yachanganywe na mkaa. Ukishaiweka, usiihamishe chungu bila sababu. Haipendi mizizi yake kusumbuliwa, na ikiudhika inaweza kukaa mwaka mzima bila kukua.

Maua. Kijani hafifu, na mdomo mweupe mpana unaoelekea juu badala ya chini. Mchana unaweza kupita bila kuligundua. Ikifika saa moja jioni, kibaraza kizima kinanukia, harufu tamu nzito, na watu wanaopita nje wanapunguza mwendo. Sijapata harufu ya kulinganisha nayo kwenye okidi nyingine ninazozijua.

Kuipata. Kwa kawaida huja kutoka Tanga, Pwani au Dar es Salaam, kwenye vitalu vya watu wanaoizalisha kwa kugawanya vichipukizi vya chini. Kung'oa kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa, na kibali ni suala la Wakala wa Huduma za Misitu. Ukitaka kuivusha mpaka, kumbuka familia nzima ya okidi inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Hata chungu kimoja kinahitaji karatasi.

Inamfaa nani. Anayelala nyumbani kwake siku nyingi za mwaka, mwenye tangi la maji ya mvua na kona isiyo na upepo. Na mtu wa pwani anayeikumbuka harufu ya kwao, kwa sababu huyo hatachoka kupulizia maji.

Falenopsi, okidi ya dukani

Asili. Ndiyo ile yenye maua mapana ya waridi, meupe au zambarau, inayouzwa ikiwa imefungwa karatasi ya kung'aa. Karibu zote ni chotara za kitaluni, lakini mababu zao ni spishi za misitu ya joto na mvua ya Asia ya Kusini na Mashariki hadi Australia. Mmoja wao, Phalaenopsis amabilis, ni mojawapo ya maua ya taifa ya Indonesia. Huko hukaa chini ya kivuli kizito cha miti mirefu, na ndiyo maana inaweza kuishi ndani ya nyumba.

Kiangazi. Kwa kuwa inakaa ndani, upepo na vumbi haviipati sana. Adui yake wa Dodoma ni kiyoyozi. Ofisini, ikipulizwa moja kwa moja, majani hulegea kama kitambaa ndani ya mwezi. Kwa upande mwingine, baridi yetu ni neema kwake: wiki chache za usiku wa nyuzi 16 hadi 18 ndani ya nyumba huiamsha itoe tawi jipya la maua. Kwa falenopsi, Julai ya Dodoma ni mwezi mzuri.

Maji na chombo. Hufika ikiwa imejazwa nyuzi laini zinazoshika maji, wakati mwingine ndani ya kopo la plastiki lililo ndani ya kasha lisilo na tundu. Toa kasha hilo. Mwagilia kwenye sinki, acha ichuruzike, rudisha. Mara moja kwa wiki inatosha, kiangazi kikali mara mbili. Usiache maji yakituama katikati ya majani, maana moyo ukioza hakuna dawa. Maji ya mvua, au ya kunywa ya chupa ukikosa.

Maua. Hudumu miezi miwili hadi mitatu, na hapo inawashinda wote. Harufu, kwa nyingi za dukani, hakuna. Maua yakidondoka usikate tawi hadi chini likiwa bado kijani. Linaweza kutoa maua tena kutoka kwenye kifundo.

Kuipata. Rahisi, kwa wauza maua wa mijini. Imezalishwa kitaluni, hakuna msitu ulioguswa. Bei iko juu kuliko ya maua mengine ya ndani.

Inamfaa nani. Mwenye chumba kimoja au fleti, au anayetaka rangi mezani leo.

Neno kuhusu vanila

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kupanda vanila, ambayo nayo ni okidi ya misitu ya joto na mvua, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Kama lengo ni kuvuna, Dodoma si mahali pake bila banda la kivuli na unyevu wa kudumu. Inastawi penye mvua ya kama milimita 1,500 na kuendelea, ndiyo maana hapa nchini unaisikia zaidi Kagera. Ua lake hufunguka siku moja tu, na hapa kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha ipasavyo, kwa hiyo huchavushwa kwa mkono, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 huko Réunion, mwaka 1841. Kama pambo la kupanda juu ya mti uani, jaribu.

Kwa hali yako

Ukisafiri wiki mbili kila mwezi na hakuna wa kumwagilia, chukua ya chui. Ukiwa na dada wa kazi au mtoto mkubwa anayependa mimea, mlango wa ya pwani unafunguka, lakini mfundishe kutazama rangi ya mizizi badala ya kuhesabu siku.

Nyumba iliyo Iyumbu au Mtumba, kwenye viwanja vipya ambavyo miti bado haijakua, inapigwa na upepo pande zote. Hapo ya pwani itateseka hadi uwe na ukuta au neti. Panda mwarobaini kwanza, na baada ya miaka michache utakuwa na tawi la kufungia ya chui.

Huna maji ya mvua na huna mpango wa kununua tangi? Ya chui, au falenopsi moja unayoweza kuihudumia kwa chupa. Usichukue ya pwani.

Unaishi fleti, dirisha linatazama kusini au lina kivuli cha jengo jirani: falenopsi. Dirisha la mashariki lenye jua hadi saa nne, hata ya chui changa itakaa mwaka mmoja au miwili kabla haijawa kubwa.

Unataka zawadi ya harusi, ya kumpongeza mtu au ya kumpelekea mgonjwa aliyerudi nyumbani: falenopsi, na umwandikie kwenye karatasi siku ya kumwagilia. Unataka kitu cha kukaa na familia miaka ishirini, watoto waje kukigawana vichipukizi: ya chui au ya pwani, kulingana na kona uliyonayo.

Na yoyote utakayochagua, kama unaweza kusubiri, inunue Desemba mvua zinapoanza. Itapata miezi mitano ya kushika mizizi kabla upepo wa Juni haujarudi.